Bamia Kumi na Moja

"Kocha Guidry, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ulijuaje?"

Lamar Guidry hakugeuka. Alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi: kikombe, filimbi, picha ya harusi. Hakuna aliyemwambia aanze kufungasha, lakini mtu mwenye akili husoma nyuso za watu kwenye korido.

Odessa Pruitt alivuta kiti akakaa. Alikuwa mpelelezi wa polisi wa jimbo la Mississippi hadi alipostaafu, na Jumatatu mkuu wa Chuo cha Tarrow alimwita kwa jambo moja tu: amtafute aliyewapa wapinzani wetu, chuo cha Corliss, mbinu za timu yetu. Leo ilikuwa Alhamisi. Saa tisa alasiri bodi ingekaa kupiga kura. Wakiona Guidry ana hatia, atafukuzwa kazi ya ukocha msaidizi, na hakuna timu ya futiboli ya Kimarekani nchi nzima itakayompa hata kazi ya kubeba maji.

Ushahidi wenyewe ulikuwa mmoja, lakini mzito. Jumamosi, saa moja kabla ya mchezo, Guidry alimfuata kocha mkuu kwenye chumba cha kuvalia akamsihi asitumie mbinu tatu mpya. Zimevuja, alimwambia. Kocha mkuu akamuuliza amejuaje. Guidry akanyamaza. Basi kocha mkuu akazitumia, Corliss wakazisubiri mlangoni, na sisi tukafungwa kwa pointi tatu, nyumbani kwetu, mbele ya mama zetu.

"Ulijuaje?" Odessa akarudia.

"Niliota, Bi Odessa."

"Uliota."

"Ndiyo."

"Mwanangu, nimehoji wezi wa ng'ombe waliodanganya vizuri kuliko wewe."

Guidry alitabasamu kidogo, macho yakamkimbilia dirishani. Nje, wasichana wa timu ya mbio walikuwa wanazunguka uwanja, wamevaa fulana mpya zenye kuku mdogo mwekundu kifuani. Odessa aligundua kwamba hii ilikuwa mara ya nne. Kila alipombana, yule bwana alitazama wale wasichana.

"Nani anawafundisha?"

"Mke wangu. Renata." Hilo ndilo jibu la kwanza alilolitoa bila kujiumauma.

"Na nani anawalipia?"

Guidry alifunga boksi kwa utepe wa gundi, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukalala sawasawa. "Bi Odessa, una kazi nyingi leo. Usipoteze muda kwangu."

Odessa alitoka akiwa na jambo moja kichwani. Mwenye hatia hujitetea, tena kwa kelele. Huyu hajitetei hata kidogo. Huyu anamlinda mtu.

*

Dk. Preston Clegg, mkurugenzi wa michezo, ni mtu wa suti nzuri na kicheko cha haraka. Alimwekea Odessa video ya mchezo, kisha akakaa pembeni akitazama saa ya mkononi.

"Jambo liko wazi, Bi Odessa. Aliyesema zimevuja ndiye aliyezivujisha. Kuna haja gani ya kuchokonoa?"

"Haja ni kwamba mmeniita mpelelezi. Mngetaka mpiga muhuri mngesema. Rudisha nyuma."

Waliangalia robo ya kwanza, wakaangalia ya pili. Mbinu zetu za kawaida Corliss walihangaika nazo kama timu nyingine yoyote. Zile tatu tu ndizo walizozijua.

"Hizi tatu vijana walifundishwa lini?"

"Ijumaa, mazoezi ya mwisho. Lakini Guidry alizibuni mwenyewe tangu kiangazi. Alizichora kwa mkono wake."

"Mtu ana ghala zima la mbinu, anaamua kuuza, anauza tatu tu? Mwizi gani huyo anayeingia dukani anaiba kiberiti?" Odessa alisogea karibu na kioo. "Hapo! Simamisha."

"Hapo tuliwafunga," Clegg akasema. "Mbinu ya kwanza kati ya zile tatu. Ilikuwa bahati."

"Bahati wapi! Tazama miguu yao."

Clegg akatazama. Kabla mpira haujaguswa, Corliss walikuwa wameshahamia upande wa kushoto wa timu yetu, wote, kwa kujiamini kabisa. Mpira ukaenda kulia. Kijana wetu akakimbia peke yake mpaka mwisho wa uwanja, na watu elfu sitini wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mbinu ya pili na ya tatu zilipokuja, Corliss walikuwa wamejisahihisha. Walizisubiri upande unaotakiwa, wakazizima.

"Walikuwa wanaijua," Odessa akasema. "Ila walipewa kinyume. Sasa niambie, Daktari. Mtu aliyeichora mbinu kwa mkono wake, akaila na kulala nayo tangu kiangazi, atakosea kulia na kushoto?"

Clegg aliitazama tena saa yake ya mkononi.

"Simama." Clegg akasimama. "Inua mkono wa kulia. Umeuona? Kwangu mimi huo uko kushoto, kwa sababu nakutazama usoni. Makocha wote husimama nyuma ya vijana. Aliyevujisha alikuwa mbele yao, wanamjia. Ijumaa nani alikuwa mbele?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu kabisa?"

Clegg alikunywa maji. "Labda wafadhili. Wanaruhusiwa kukaa kule kwenye milingoti ya goli, kuna kivuli. Lakini hao si watu wa kuhoji."

"Ijumaa walikuwa wangapi?"

"Alikuwa Mzee Tillery peke yake."

"Mazoezi ya siri, simu zinakusanywa getini, sivyo?"

"Zote. Hata ya kocha mkuu."

"Na ya Mzee Tillery?"

Clegg alicheka, kicheko kikamwishia njiani alipoona Odessa hacheki. "Bi Odessa, jina la yule mzee liko kwenye uwanja. Liko kwenye bwawa la kuogelea. Liko kwenye mashine ya barafu! Nani atamwambia atoe simu?"

"Mimi."

"Nakuomba usiende. Nakuomba kabisa." Sasa Clegg alikuwa anatoka jasho, na Odessa, ambaye hakuwahi kumpenda, alimhurumia. "Futiboli itajiendesha. Lakini mbio, kuogelea, mieleka, hizo zote zinakula kwa pesa za biashara ya kuku ya Tillery. Yule akinuna siku moja tu, nitafunga nusu ya idara. Unajua nitawafukuza vijana wangapi?"

Odessa alizikumbuka zile fulana na kale kakuku kekundu. Alichukua mkoba wake akaondoka.

*

Sisi watu wa Tarrow, ambao siku za mchezo hupika na kula maegeshoni, tuna sheria ya maegesho, na sheria hiyo haina mjadala: anayekichangia chuo zaidi anaegesha karibu zaidi na uwanja. Eneo namba moja liko ubavuni mwa geti, pale mabasi ya timu zote mbili yanaposhusha watu. Royce Tillery amelishika miaka yote ninayokumbuka. Hema lake husimama tangu Jumatatu, na kufikia Jumamosi moshi wa mbavu zake unasikika mpaka mjini. Na anayepita anakula, awe wetu awe wa kwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumnyima sahani shabiki wa timu pinzani ni aibu ambayo mama yako ataisikia kabla hujafika nyumbani.

Mzee mwenyewe alikuwa anakoroga mchuzi wa nyama, amevaa aproni yenye madoa na kofia ya majani. Tajiri mkubwa kuliko wote katika jimbo, na mchuzi anakoroga mwenyewe! Ndiyo maana tunampenda.

"Odessa! Binti wa Ezell Pruitt! Baba yako ndiye aliyenifundisha kuvua kambare, unajua?"

"Shikamoo, Mzee Royce. Najua. Alisema ulikuwa unawatisha samaki kwa maneno."

"Marahaba, marahaba! Alikuwa mwongo, Mungu amrehemu. Umekula?"

"Nimekula."

"Haiwezekani. Hujala mpaka umekula hapa."

Akapewa sahani, akakaa. Kazi ni kazi, lakini mbavu ni mbavu. Alipomaliza sahani ya pili alijifuta vidole.

"Mzee, naomba kuiona simu yako."

Yule mzee hakuuliza kwa nini. Alichovya mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa simu ya kukunja, kuukuu, imefungwa kwa utepe mweusi. "Inapiga, inapokea. Basi. Wajukuu wananicheka."

Haikuwa na hata tundu la kamera. Odessa aliigeuza, akaifunga, akairudisha. Moyoni alishukuru, kisha akajikemea kwa kushukuru. Kama si picha, basi ni nini? Aliangaza mezani. Palikuwa na mkate wa mahindi, mtungi wa chai baridi, chupa ya bamia za siki, na sinia kubwa la bati lililong'arishwa, halina kitu.

"Zile mbinu tatu za Jumamosi, Mzee. Ulizipenda?"

Lo! Ni kama alimwashia taa. "Nilizipenda? Yule kijana Guidry ana kichwa! Miaka yote natazama futiboli sijaona kitu kama kile. Sogea, sogea nikuonyeshe."

Akalivuta sinia. Akamwaga bamia, akazipanga kumi na moja kwa haraka ya mtu aliyezoea. Upande wa pili akapanga vipande vya soseji. Katikati akaweka zeituni.

"Bamia ni vijana wetu, kwa hiyo wanakaa upande wangu. Soseji ni Corliss, Mungu awasaidie. Mpira huu hapa. Sasa angalia! Huyu anajifanya anakwenda kulia. Wote wanamfuata. Kumbe huyu mwembamba hapa mwisho anachomoka kushoto, fyuu!"

Bamia nyembamba ikateleza kushoto mpaka ukingoni.

"Kushoto, Mzee?"

"Kushoto. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Ulikuwa umekaa wapi Ijumaa?"

"Kwenye kigari changu, kule golini. Vijana wananijia usoni, raha tupu, mpaka nasikia wanavyo..." Vidole vyake vikasimama juu ya ile bamia.

Odessa alimwacha atafakari. Kulikuwa na mtu anapasua kuni nyuma ya hema.

"Jumamosi ulimwonyesha nani?" akauliza kwa upole.

"Rafiki zangu tu. Watu wa kula."

"Majina."

"Dub Hensley alikuwepo. Alisimama hapohapo ulipo. Huja kila mwaka."

"Dub Hensley aliyekuwa kocha wa Corliss."

"Amestaafu, Odessa!"

"Kocha hastaafu, Mzee. Alikula, akashiba, akakushukuru, akaingia geti hilohilo la hatua ishirini kutoka hapa. Timu yetu ilikuwa imeshapita?"

Mzee Tillery alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alionekana ghafla kuwa na umri wake wote. "Ilikuwa ndiyo inapita. Guidry alikuwa mwisho. Nilimwita. Nikamwambia, njoo uone kazi yako mwenyewe! Akaja. Akatazama sinia. Akamtazama Dub. Kisha akaondoka mbio, nikadhani ana haraka ya mchezo."

"Alikwenda kumwomba kocha mkuu aziache hizo mbinu. Alipoulizwa amejuaje, alinyamaza. Saa tisa leo anafukuzwa kwa ajili ya hilo sinia."

"Kwa nini hakunitaja?"

"Muulize mwenyewe."

"Na kwa nini hakuna aliyekuja kuniuliza? Wiki nzima niko hapa! Nawapikia!"

"Mimi nimekuja," Odessa akasema. "Niliambiwa nisije."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba chenyewe chaweza kuwa hakijui. Mzee alianza kufungua aproni, akabadili mawazo, akaiacha. Akalinyanyua sinia kwa mikono miwili, bamia zikiwa mahali pake.

"Twende," akasema. "Nishikie mlango wa gari."

*

Walipoingia, wajumbe wa bodi wote walisimama. Si kwa ajili ya Odessa. Guidry, aliyekaa peke yake mwisho wa meza, ndiye aliyekawia, na alipoona sinia uso ukambadilika.

"Mzee Royce!" Clegg alikuwa ameshavuta kiti. "Karibu! Kumbe umetuletea chakula!"

"Msile. Huu ni ushahidi." Akaliweka sinia katikati ya meza. "Hizi ni mbinu za Guidry. Jumamosi nilimpangia Dub Hensley hivi hivi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwizi wenu ni mimi."

Mjumbe mmoja akacheka, wa pili akadakia, mara meza nzima.

"Mzee na utani wako!" Clegg akapangusa macho.

Mwenyekiti wa bodi, Bi Adelaide Crump, alitabasamu kwa adabu. "Mzee Royce, tunaona moyo wako. Unamtetea kijana. Hilo tutaliweka maanani."

"Nani anamtetea? Nasema nilivujisha mimi!"

"Na hata kama ni kweli, ni bahati mbaya tu, hatuna haja ya kuiandika popote. Suala la Bwana Guidry ni jingine."

Odessa alikuwa ameona mengi kazini. Ameona watu wakikataa kukiri na pingu ziko mkononi. Mtu anayekiri halafu mahakama ikakataa kumsikia, hilo lilikuwa jipya. Alipiga meza kwa kiganja.

"Suala ni hilohilo! Corliss walikosea upande mara ya kwanza. Walihamia kushoto, mpira ukaenda kulia. Aliyeichora hawezi kukosea. Aliyeiona kwa mbele ndiye atakosea, na kwa mbele alikuwepo mtu mmoja. Itazameni hiyo bamia iko upande gani!"

Wakatazama. Hakuna aliyecheka tena. Bi Crump alivua miwani.

Mzee Tillery alikuwa hawatazami wao. "Kijana," akasema, "kwa nini hukunitaja?"

Guidry alisimama. "Mke wangu ana wasichana wanaokimbia kwa pesa zako, Mzee. Wengine ndio wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Ningekuaibisha, ukaondoka, nao wangeondoka. Mimi ni mmoja. Nilihesabu hivyo."

"Ulidhani ningewavua wasichana viatu kwa sababu umeniambia ukweli?"

"Sikujua, Mzee. Hakuna anayejua humu ndani. Hakuna aliyewahi kujaribu."

Macho yalimlowa yule mzee, na hakujisumbua kuyaficha. Odessa alitazama kando. Alikuwa anawapenda wote wawili kwa wakati huo, na ilikuwa inamsumbua kidogo, maana mpelelezi hatakiwi.

"Clegg," Mzee akasema. "Mtu akivujisha mazoezi, kanuni inasemaje?"

"Anafungiwa mazoezi msimu mzima. Lakini Mzee, ile kanuni ni kwa... ni kwa watu."

"Na mimi ni kuku?"

Clegg alianza kupekua makaratasi yake.

"Nifungieni. Na huyu arudi kazini leo. Pigeni kura."

Hakuna mkono ulioinuka. Walitazamana, wakaitazama meza, wakazitazama bamia. Watu wazima, wasomi, wenye vyeo, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kumfungia Royce Tillery mlango. Mzee alisubiri. Alisubiri mpaka uso ukamwiva.

"Mikono juu!"

Ikainuka yote kwa mpigo. Clegg aliinua miwili.

Bi Crump akatangaza kwamba kura imepita. Mzee Tillery aliitazama ile mikono, haikumfurahisha. Akamgeukia Odessa. "Sasa hapo wameutii ukweli," akauliza, "au wamenitii mimi?"

Kabla Odessa hajajibu, Guidry alikuwa ameshasogea. Alipita nyuma ya viti vya wajumbe, akainama juu ya sinia, akaichukua ile bamia nyembamba kutoka kushoto akaiweka kulia.

"Ni huku, Mzee," akasema. "Ulikosea."

Mzee Tillery aliinama naye, kofia yake ikagusana na kichwa cha kijana, akaitazama bamia kwa muda mrefu.

"Ahaa," akasema. "Hebu nionyeshe tena."